Kilwa, Unguja, Mombasa na Gedi: Dhana Potofu Zinazosimuliwa Ziarani
Mgeni anayeizunguka miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki kwa siku chache hupewa masimulizi mengi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa muda haumruhusu mwongoza watalii kueleza kila jambo kwa kina, hadithi inayosisimua ndiyo inayobaki kichwani. Nyingi ya hadithi hizo si uongo mtupu. Kasoro yake kubwa ni kuchanganya nyakati, hata jengo la karne moja likahesabiwa kuwa kazi ya watu wa karne nyingine. Kwa hiyo katika safari hii fupi, inayoanzia Kilwa na kwenda kaskazini, swali letu mbele ya kila ukuta litakuwa: ulijengwa lini, na kwa ajili ya nini?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba miji hii ilijengwa na wageni kutoka Uajemi au Arabuni, huku wenyeji wakiwa vibarua tu. Chimbuko lake kubwa ni tarihi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya historia ya mji huo, inayosimulia habari za sultani wa Shiraz na wanawe waliofika kwa merikebu saba, ambapo mmoja wao alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Udongo wenyewe una ushahidi tofauti. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walichimba chini ya msikiti wa mawe wenye umri wa miaka elfu moja hivi, wakakuta mabaki ya misikiti iliyoutangulia mahali pale pale, ile ya mwanzo kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Hao hawakuwa watu walioshuka merikebuni na ramani za majumba ya mawe. Walikuwa wakazi waliojenga, wakabomoa na kujenga upya, kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, kudai kwamba Waajemi hawakuwapo kabisa ni kosa lile lile lililogeuzwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 walioishi kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, ulionyesha kwamba upande wa kikeni wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, na upande wa kiumeni sehemu kubwa ilikuwa na asili ya Kiajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Tarihi, basi, haikutunga kila kitu, lakini wakati huo misikiti ya Shanga ilikwisha kusimama kwa zaidi ya karne mbili.

Katika Kilwa Kisiwani kwenyewe, jengo la kwanza kuonekana kutoka chomboni ni Gereza, ngome iliyo ufukweni, na karibu kila mtu huambiwa kuwa ni ya Wareno. Ni kweli kwamba Wareno waliuteka mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida na kujenga ngome, lakini hawakukaa muda mrefu, na jengo linalosimama leo ni kazi ya Waomani, la karibu na mwaka 1800, ingawa ndani yake yamo mabaki ya kazi ya Wareno. Ajabu ni kwamba wageni wengi hupigia picha ngome hii kwa bidii, kisha hupita haraka Husuni Kubwa, jumba la mwanzo wa karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane lililo juu ya genge linalotazama bahari. Anayetaka kujua Kilwa ilikuwa nini msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipoizuru mwaka 1331, aanzie huko.

Unguja ina kisa kinachofanana na hicho. Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe nayo huhesabiwa kuwa ya Wareno, ilhali ilijengwa na Waomani baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Hata hilo neno Mkongwe huwapotosha baadhi ya wageni, wakadhani wanatembea katika mji wa zama za Kilwa, kumbe sehemu kubwa ya majumba yake ni ya karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja. Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na mnara wa saa uliokuwa ukionekana mbele yake katika picha nyingi ni wa baadaye zaidi, kwani ulijengwa baada ya Waingereza kulipiga mizinga eneo la kasri mwezi Agosti mwaka 1896. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati.

Penye uzito zaidi ni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Wageni huteremshwa ngazi hadi kwenye vyumba viwili vya chini ya ardhi, vyenye dari ya chini kiasi cha kumlazimu mtu kuinama, vibaraza vya mawe pande mbili na vipenyo vyembamba vya hewa, kisha huambiwa kuwa humo ndimo watumwa walimorundikwa wakisubiri kunadiwa. Soko la watumwa lilikuwapo hapo kweli, na lilifungwa kwa mkataba ambao Barghash alitia saini mwezi Juni mwaka 1873. Kanisa lilianza kujengwa mwaka huo huo. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lililokuwa hospitali, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa, ndiyo maana wanahistoria kadhaa wanaviona vyumba hivyo kuwa vilikuwa ghala. Kusema hivi hakupunguzi hata chembe ya dhuluma iliyotendeka hapo. Kwa maoni yangu, soko lenyewe lilikuwa hadharani, mchana kweupe, na hilo lilitosha kutisha bila kuongezewa shimo. Aidha, wanaofikiri kwamba utumwa ulikoma Unguja mwaka 1873 wanachanganya biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na utumwa wenyewe, ambao uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1897.

Kisiwa cha Changuu, kinachoonekana kutoka Forodhani, huuzwa kwa watalii kama kisiwa cha magereza. Jengo la gereza lilijengwa kweli mwaka 1893 kwa maelekezo ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Zanzibar, lakini halikuwahi kutumika kufungia wahalifu. Liligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Hata kobe wakubwa wanaopendwa na watoto si wa asili ya hapo, kwani waliletwa kutoka Shelisheli kama zawadi mwaka 1919.

Kuhusu misumari ya shaba iliyochomoza kwenye milango ya nakshi, ambayo wageni huambiwa iliwekwa kuwazuia tembo, jibu ni fupi: haikuwekwa kuwazuia tembo wa Unguja. Mtindo huo una asili ya India, ambako tembo wa vita walikuwa tishio la kweli, na ulipofika Unguja ulikuwa pambo na alama ya utajiri.

Huko Mombasa, Ngome ya Yesu ni ya Wareno bila ubishi. Ilianza kujengwa mwaka 1593, ingawa aliyeichora alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Dhana potofu hapa ni kwamba Wareno walikaa ndani yake kwa utulivu kwa karne nzima hadi walipotolewa na Waomani. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtoto wa mtawala wa Mombasa aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuishika ngome hiyo kwa miezi kadhaa. Kuzingirwa na Waomani nako hakukuwa vita vya siku moja, bali kulianza mwaka 1696 na kumalizika Desemba 1698, na maradhi yaliwaua watu wengi ngomeni. Wageni wengi hushangaa pia kusikia kwamba chini ya Waingereza ngome hiyo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Tunamalizia Gedi, karibu na Malindi, ambako husemwa kwamba watu walitoweka kwa usiku mmoja na kwamba nyumba zilikuwa na vyoo vya kuvuta maji. Vyoo hivyo ni vya shimo, vikiwa na mahali pa kutawadhia, jambo ambalo ni usafi wa kutosha kwa karne ya 15 bila kutiwa chumvi. Kuhama nako kulichukua muda mrefu: mji ulipungua, ukarudiwa na wachache, kisha ukaachwa moja kwa moja katika karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni mashambulizi, shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini na kupungua kwa maji, na kisima kimoja karibu na msikiti mkuu kilichimbwa zaidi ili kuyafuata maji yaliyokuwa yakishuka. Wachimbaji waliozipa nyumba majina ya vitu walivyovikuta humo, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Sanduku la Pembe, walikuwa wakizungumzia nyumba za matajiri peke yake. Wakazi wengi wa Gedi waliishi nje ya ukuta wa ndani, katika nyumba za udongo na makuti, na kwenye eneo hilo mgeni wa leo haoni ila miti.