Mzee hajawahi kuajiriwa Marekani: je, Medicare inamhusu?

Swali tunaloletewa mara kwa mara na familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani linafanana. Baba au mama ametimiza miaka 65, alikuja akiwa mtu mzima, hajawahi kupokea mshahara wa nchi hii, na kuna aliyemwambia kwamba Medicare ni ya waliofanya kazi miaka kumi, basi. Wengi huishia hapo. Mzee anakaa miaka bila kadi, dawa za presha na za sukari zinanunuliwa kwa pesa za watoto, kumbe mlango ulikuwa wazi.

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu walio chini ya umri huo. Rais Lyndon Johnson alisaini sheria yake mwaka 1965. Sehemu A inalipia kulazwa hospitalini. Sehemu B inalipia daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu D ni ya dawa za kununua famasia. Isichanganywe na Medicaid, ambayo inaendeshwa na kila jimbo kwa watu wa kipato kidogo. Mzee mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na mara nyingi hilo ndilo tunalolitafuta.

Sasa hiyo miaka kumi. Mtu anayefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security, mfuko wa serikali wa pensheni, hupata hadi pointi 4 kwa mwaka, na akifikisha 40 anapewa Sehemu A bila mchango wa kila mwezi. Faida yake ni hiyo. Asiye na pointi 40 bado anaweza kuingia, ila Sehemu A atailipia: mwaka 2025 ilikuwa dola 518 kwa mwezi kwa mwenye pointi chini ya 30, na dola 285 kwa mwenye 30 hadi 39. Sehemu B kila mtu anailipia, mwenye pointi na asiye nazo. Mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi, na hubadilika kila Januari. Kabla ya kukata tamaa na hizo dola 518, tazameni pia kazi ya mume au mke. Mama aliyelea watoto nyumbani maisha yake yote anaweza kupata Sehemu A bure kwa pointi za mumewe, mradi ndoa imetimiza mwaka na mume amefikisha angalau miaka 62.

Kwa asiye na pointi zake wala za mwenzake, sharti ni mawili: awe raia au awe na ukaazi wa kudumu, yaani ile grini kadi, na kama si raia awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo. Kwa hiyo bibi aliyefika akiwa na miaka 68 hahesabiwi kuwa alichelewa tangu 65. Hesabu yake inaanza mwezi anapotimiza masharti hayo, na adhabu ya kuchelewa, yaani nyongeza ya mchango tutakayoieleza chini, haimgusi kwa miaka ya nyuma. Kinachovuruga hesabu ni safari ndefu. Mzee akienda nyumbani kuhani msiba akakaa zaidi ya miezi sita, anaweza kuambiwa aanze upya kuhesabu miaka mitano.

Familia nyingi zikisikia bei hizo husimama na kuondoka. Msiondoke, maana kuna mpango unaoitwa QMB, unaosimamiwa na ofisi ya Medicaid ya jimbo. Mzee wa kipato kidogo akikubaliwa, jimbo linamlipia mchango wa Sehemu B, linamlipia na ule mkubwa wa Sehemu A, na daktari au hospitali inayopokea Medicare hairuhusiwi kumdai sehemu iliyobaki ya gharama za huduma ambazo Medicare inazilipia. Mwaka 2025 kikomo cha kipato katika majimbo mengi kilikuwa dola 1,325 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 1,783 kwa mke na mume. Baadhi ya majimbo yana vikomo vya juu zaidi. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi kama mali. Akiingia QMB, adhabu ya kuchelewa Sehemu B inaondolewa, na msaada wa gharama za dawa unaoitwa Extra Help unakuja wenyewe bila kuombwa.

Utaratibu wake una mtego mmoja. Mzee asiye na pointi anaanza kwa kujiandikisha Sehemu B katika ofisi ya Social Security, kisha jimbo ndilo linalomwingiza Sehemu A kupitia QMB. Majimbo mengi hufanya hivyo mwezi wowote. Mengine yanamtaka aombe Sehemu A kwa masharti, yaani aingie ikiwa tu atakubaliwa QMB, kati ya Januari 1 na Machi 31. Karani asiyeijua njia hii anaweza kumjibu mzee kwamba hastahiki, na mzee kwa heshima yake anashukuru na kurudi nyumbani. Akijibiwa hivyo, aombe jibu kwa maandishi, alipeleke kwa mshauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa Medicare tutakaoutaja chini. Na aliyeletwa na mwanawe kwa hati ya udhamini aulize kwanza, kwa sababu kipato cha mdhamini kinaweza kuingizwa kwenye hesabu.

Lipo jambo jipya ambalo kila familia ya wakimbizi inapaswa kulijua. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imepunguza aina za watu wasio raia wanaoruhusiwa Medicare. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hajapata ukaazi wa kudumu hayumo tena, hata kama amefanya kazi na pointi 40 anazo. Walioikuta sheria wakiwa tayari ndani wamepewa miezi 18, inayoisha Januari 4, 2027. Linaniuma hili, kwa sababu wapo wazee waliotoka Kongo kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, wenye haki ya kuomba ukaazi tangu walipotimiza mwaka mmoja hapa, na karatasi hazijaguswa kwa kuwa hakuna aliyewaambia kuna haraka. Haraka ipo. Fomu ni I-485, na kuomba si kupewa: mpaka kadi itoke, mzee anahesabiwa kuwa hana. Mashirika yanayopokea wakimbizi na ofisi za msaada wa sheria yana watu wa kuijaza. Waoneni mwezi huu.

Kwa mwenye masharti yote, dirisha la kwanza la usajili ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Wazee wetu wengi waliandikwa kambini kuwa wamezaliwa Januari 1, kwa kuwa tarehe halisi haikujulikana, na hapo mambo yanabadilika kidogo. Aliyezaliwa tarehe mosi ya mwezi Medicare yake huanza mwezi mmoja kabla. Mwenye Januari 1, basi, bima inaweza kuanza Desemba 1, na dirisha lake linafunguka Septemba 1 na kufungwa mwisho wa Machi. Inayotumika ni tarehe iliyo kwenye karatasi, hata kama ukoo mzima unajua alizaliwa wakati wa mavuno.

Dirisha likipita, linalofuata ni la Januari hadi Machi, na bima inaanza mwezi unaofuata usajili. Adhabu ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na hudumu kadiri anavyobaki kwenye bima hiyo. Aliyechelewa miaka miwili, kwa bei ya 2025, alilipa dola 37 zaidi kila mwezi.

Mzee ambaye bado yuko kazini, au ambaye mwenzake yuko kazini na ana bima ya mwajiri, anaweza kungoja bila adhabu, kisha akapewa miezi 8 tangu kazi au bima hiyo ikome, kutegemea kipi kilitangulia. Bima ya COBRA anayoinunua baada ya kuacha kazi haimwongezei muda. Na kama mwajiri ana wafanyakazi chini ya 20, asingoje hata kidogo: Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na bila hiyo bili inaweza kumrudia yeye.

Sehemu D nayo ina adhabu yake ya kuchelewa, isipokuwa kwa mwenye Extra Help. Mipango ya Medicare Advantage, ambapo mzee hupata huduma zake za Medicare kupitia kampuni binafsi, ni uamuzi wa baadaye na si wa kufanywa sebuleni mbele ya wakala. Wakala hulipwa kamisheni. Washauri wa mpango wa SHIP, uliopo katika kila jimbo, hawauzi chochote na hawatozi senti. Anayepiga simu bila kuombwa akitaka namba iliyo kwenye kadi ya Medicare hatoki Medicare, kateni simu.

Kwa wanaopanga kwenda Mombasa, Bukavu au Dodoma: Medicare kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya bima za nyongeza zinazoitwa Medigap hulipia dharura ya safarini, ndani ya siku 60 za kwanza tu. Mzee mwenye moyo dhaifu akatiwe bima ya safari kabla hajapanda ndege, na abebe dawa za kutosha muda wote atakaokuwa huko.

Usajili unafanyika Social Security, kwa simu 1-800-772-1213 au katika ofisi iliyo karibu. Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227. Chukueni kadi ya ukaazi au hati ya uraia, pasipoti zote pamoja na zilizokwisha muda, cheti cha ndoa kama mnategemea pointi za mwenza, na barua ya mwajiri kama kulikuwa na bima ya kazini. Mkalimani ni haki ya mzee na hamlipii: mkipokelewa semeni “Swahili” kisha msubiri, hata kama itachukua dakika kadhaa. Msimwachie mjukuu wa darasa la saba kutafsiri. Maneno ya bima yanamshinda hata mtu mzima, na babu hatasema mbele ya mjukuu wake kwamba haoni vizuri au kwamba hana pesa ya dawa.