Ukienda kliniki, mtaa mzima utajua? Sivyo

Hofu hii naisikia sana hapa Mombasa: ukipima mimba kituo cha afya, muuguzi atamwambia shangazi, na ikifika magharibi habari imeenea Majengo nzima. Basi dada wa watu anajisitiri kwa buibui, kliniki haendi.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri. Mhudumu hawezi kuzitoa bila idhini yako ya maandishi, isipokuwa kwa amri ya mahakama, kwa matakwa ya sheria, au pale kunyamaza kunapohatarisha afya ya umma. Mama mkwe hayumo humo. Kama bado una shaka, kituo si lazima kiwe cha mtaani kwenu: wa Likoni anaweza kuvuka feri akahudumiwa kisiwani.

Ukiwa chini ya miaka 18, uliza mapema nani atajulishwa, kwa kuwa sheria inakulinda kwa namna nyingine.

Kinachoniuma ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mkutano wa kwanza na mhudumu uwe kabla ya wiki 12, na jumla mikutano isipungue minane. Presha inayoleta kifafa cha mimba mara nyingi haina dalili mwanzoni, huonekana kwa kipimo tu. Mjulishe mmoja unayemwamini, khalati au rafiki, mwende naye. Wengine watasubiri.