Gari Lililotoka Japani Linasema Nini Unapoliwasha?

Ukiwasha gari lililotumika Japani, mara nyingi utasikia sauti ya mwanamke ikisema Kijapani. Wamiliki wengi huniuliza kama injini ina tatizo. Haina. Sauti hiyo inasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani, ulioanza kutumiwa na umma mwaka 2001. Gari likikaribia geti, kifaa kilichomo ndani yake huwasiliana na antena ya getini kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, malipo yanakatwa na dereva anapita bila kusimama. Kadi alibaki nayo mwenye gari wa kwanza, ila kifaa kimekuja na gari na kila asubuhi kinaidai. Fundi umeme anaweza kukichomoa bila injini kuathirika.

Redio nayo ina lake. Japani FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani huishia 90, ilhali vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kuna kifaa kidogo cha kufunga kwenye waya wa antena ili kushusha masafa. Kikishusha kwa 20, kituo cha 100 utakipata kwenye 80.

Hayo ni usumbufu tu. Linalonitia wasiwasi ni Bluetooth. Unapounganisha simu na gari, simu huuliza kama unaruhusu gari lisome majina na kumbukumbu za simu ulizopiga. Watu hukubali haraka ili muziki uanze, kumbe muziki hauhitaji ruhusa hiyo.

Niliwahi kukagua gari lililotoka tu bandarini. Kwenye orodha ya Bluetooth zilikuwemo simu tatu. Nilipobonyeza alama ya nyumba kwenye ramani, ikanionyesha mtaa anakoishi mtu nisiyemjua, huko Japani. Wewe ukiuza gari lako bila kufuta, mnunuzi naye ataweza kukuta namba ya mama yako na ya daktari wako.

Kulifuta gari kwenye simu yako hakutoshi, maana nakala ya majina na namba imebaki garini. Ingia kwenye mipangilio ya gari, futa simu zote na alama ya nyumbani, kisha rudisha mfumo ulivyotoka kiwandani. Skrini ikiwa ya Kijapani, programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu itakusomea. Usitegemee kuchomoa betri: kumbukumbu nyingi hazifutiki hivyo, na mifumo mingine hujifunga ikadai namba ya siri.

Kwenye gari la kukodi, kataa ombi la majina tangu mwanzo. Kama unataka kuchaji tu, tumia tundu la kiberiti badala ya kuunganisha simu na mfumo wa gari.