Ukoo wa watu wa bembea hufuatwa kwa kalenda

Sisi tukikutana huulizana "kwenu wapi?" Muulize hivyo mtu wa bembea wa Uingereza, atakutajia barabara. Kazi yangu ni kuwatafutia watu koo zao katika nyaraka za nchi ile, na wanaonitoa jasho ni hawa wenye mabanda ya shabaha na farasi wa mbao wanaozunguka, wanaolala kwenye magari yao na kuhama gulio moja la burudani hadi jingine tangu Februari mpaka vuli.

Wengi huanza kwa kuandika jina kwenye tovuti na kusubiri muujiza. Lakini kwa watu hawa jina ni mali ya biashara, hurithiwa kama turubai. Randall Williams, mmoja wa waliotangulia kuonyesha sinema kwenye magulio, alifariki 1898. Mkwewe, Richard Monte, akashika onyesho na akajiita Randall Williams. Asiyejua atashangaa marehemu anachapa kazi hadi karne ya 20.

Kwa hiyo mimi hutangulia na kalenda. Gulio la mji wa King's Lynn hufunguliwa 14 Februari, na ndilo linalofungua msimu. Ya Nottingham na Hull yalikuwa Oktoba. Mtoto mmoja akibatizwa King's Lynn mwishoni mwa Februari na mdogo wake Hull katikati ya Oktoba, usidhani wazazi walikuwa wakitangatanga. Walikuwa kazini, na kwa ratiba.

Sensa nazo zina majira yake. Ya 1881 ilikuwa 3 Aprili, ya 1891 ni 5 Aprili, ya 1901 ni 31 Machi, ya 1911 ni 2 Aprili: msimu ndio kwanza unachangamka, na wengine hawajatoka kwenye yadi walikojibanza wakati wa baridi. Karani alimaliza nyumba kwanza, ndipo akaandika waliolala kwenye magari, mahema na mabanda, kwa hiyo daftari nalisoma kuanzia nyuma. Ya 1921 ilisogezwa kutoka Aprili hadi 19 Juni kwa sababu ya migomo, ikawakuta msimu umepamba moto. Usiwatafute yadi mwaka huo. Ya 1931 iliteketea kwa moto 1942, hiyo tusahau.

Mwaka 1889 watu hawa waliunda chama chao kupinga muswada wa mpigania mageuzi George Smith wa Coalville, uliotaka magari yao yasajiliwe na kukaguliwa. Ungepita, mimi ningekuwa na madaftari matamu sana. Hata hivyo niko upande wa waliougomea. Tangu 1904 walikuwa pia na gazeti lao, World's Fair, lililochapwa Oldham, na matangazo yake ya vifo na harusi yameniokoa mara nyingi. Chuo Kikuu cha Sheffield kina hifadhi nzima ya kumbukumbu zao.

Lakini ukoo haufungi bila ndugu wa shamba. Huko Warwick na Stratford-upon-Avon, kila Oktoba vibarua wa mashamba walikusanyika kutafuta waajiri wapya. Palipo na vijana wenye ujira mfukoni, bembea haikosi, na ndoa pia hazikosi. Binti wa kibarua akaolewa na mwenye banda, akaondoka, ila kwao hakupasahau. Mara nyingine, akikaribia kujifungua, alirudi kwa mama yake. Mtoto akifika umri wa shule, aliachwa kwa bibi.

Hapo ndipo ninapowakamata. Natafuta, kwenye nyumba ya kibarua, mjukuu ambaye jina lake la ukoo halifanani na la yeyote ndani na ambaye amezaliwa mji wa mbali wenye gulio. Wiki iliyopita nilimpata mmoja wa miaka minane, sensa ya 1891: bibi na babu ni wa kijiji kile kile tangu kuzaliwa, yeye kazaliwa Hull. Mteja wangu alikuwa ameshamruka mara mbili akidhani ni mtoto wa jirani. Nikafungua sensa ya 1901, nikaanza nyuma kama kawaida. Kurasa mbili tu za mwisho, huyo hapo, miaka 18, ndani ya gari na baba yake, kazi: mwendesha bembea.