Mrututu kwenye tangi la samaki: hapana jamani

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti ukiona konokono wamejaa kwenye tangi lako weka mrututu (ile dawa ya bluu, kopa salfeti) kidogo tu, asubuhi wote wamekufa na maji yanang'aa. Hapa Kigoma wanaofuga samaki wa ziwa majumbani wanaitumiana sana.

Ukweli nusu upo. Mrututu una shaba na shaba inaua konokono kweli, hata zamani ulimwagwa kwenye maji kuua konokono wa kichocho, nadhani ndo mkanganyiko ulipoanzia. Ila tangi sio bwawa. Shaba inaumiza na samaki, kamba ndo kabisa, halafu konokono wakifa kwa mkupuo wanaoza humohumo, amonia, sumu inayotokana na uozo, inapanda, na wewe unaamka unakuta samaki wako juu wanahema.

Konokono wanajaa kwa sababu ya chakula kinachobaki, basi. Pima mwenyewe: usiku tumbukiza jani la mchicha lililochemshwa kidogo, asubuhi litoe na konokono walioganda, wahesabu. Punguza chakula, samaki wamalize ndani ya dakika mbili tatu, toa na vile vidonge vya mayai kama jeli kwenye kioo, rudia jani baada ya wiki kadhaa uone hesabu. Inachukua muda, sikudanganyi.

Kwa hiyo ukitumiwa usiifowadi, mwambie tu aliyekutumia. Na maganda matupu ya konokono usitupe, kuna samaki wadogo wa Tanganyika wanaishi humo na kutagia humohumo.