Zilo ni nini? Wilaya ya Badin, kusini mwa Sindh

Ukisoma habari za Sindh, jimbo la kusini mwa Pakistan, utakutana na neno zilo. Ni wilaya. Kisindhi kimelichukua kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu au upande, kwa hiyo zilo ni ubavu mmoja wa nchi. Nitaieleza kwa mfano wa Badin, kwa sababu ya watu wake, ambao baadhi yao tuna undugu nao.

Badin iko mwisho kabisa wa Sindh. Kusini inapakana na bahari na chumvi tupu za Rann of Kutch, mpakani na India. Mashariki iko Tharparkar ya jangwa. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Hyderabad, ikafanywa zilo inayojitegemea mwaka 1975. Sensa ya 2023 ilihesabu watu wapatao milioni 1.9, na wengi mno kati yao huongea Kisindhi, hasa lahaja ya Lari, yaani ya watu wa Lar, Sindh ya chini.

Mkuu wa zilo ni naibu kamishna, mtumishi wa serikali asiyepigiwa kura. Chini yake kuna taluka, mfano wa tarafa, nazo Badin ni tano: Badin yenyewe, Matli, Tando Bago, Talhar na Shaheed Fazil Rahu. Hiyo ya mwisho iliitwa Golarchi, ikapewa jina la kiongozi wa wakulima aliyepinga utawala wa kijeshi wa Zia-ul-Haq na kuuawa Januari 1987. Shaheed ni shahidi wetu, yule wa kufa kwa ajili ya haki.

Mambo ya ardhi katika taluka yako mikononi mwa mukhtiarkar. Jina hilo lina shina moja na hiari yetu: ni mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua. Lakini mwananchi wa kawaida hukutana zaidi na tapedar, karani wa ngazi ya chini anayetunza daftari za mashamba. Ukitaka kuuza shamba, kurithi, au kuweka ardhi rehani upate mkopo, unahitaji nakala ya fomu namba 7, inayosema nani ana kipande gani. Mbunge unaweza kukaa miaka usimwone. Tapedar huwezi kumkwepa.

Daftari hilo limepangwa kwa deh, na hapa wageni wengi hukosea. Deh si kijiji. Deh ni eneo la ardhi lenye mipaka kwenye ramani ya serikali. Kijiji, yaani nyumba, kisima, watoto na mbuzi, huitwa goth. Deh moja inaweza kuwa na goth kadhaa ndani yake. Serikali ilianza kwa kuhesabu ardhi na kodi yake, watu wakaja baadaye, na alama ya hilo bado iko wazi. Hari, mkulima anayelima shamba la zamindar, yaani mwenye ardhi, kwa kugawana mavuno, anaweza kuwa amezaliwa kwenye deh, akalima hapo na kuzika wazazi wake hapo, bila jina lake kuonekana popote katika daftari la ardhi. Sheria ya 1950 iliwapa wakulima hao haki za kuandikishwa, lakini wengi hawakuandikishwa kamwe. Wakolhi na Wabheel, ambao ni Wahindu, ni wengi miongoni mwao. Hili linaniumiza, kwa sababu maji yakija wao ndio wa kwanza kupoteza na wa mwisho kufidiwa.

Na maji huja. Badin iko mkiani mwa mifereji inayotoka Kotri, bwawa la kugawa maji ya mto Indus lililokamilika 1955. Mpunga na miwa vinategemea mifereji hiyo, na wa mkiani hupata kilichobaki. Mto unapofikisha maji machache baharini, chumvi hupanda na kula mashamba. Mei 1999 kimbunga kiliipiga pwani ya Badin na Thatta. Mwaka 2011 mvua iliifunika wilaya karibu yote.

Sasa undugu. Sindh ilitawaliwa na mamiri wa Talpur kuanzia 1783 hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1843. Zama hizo watumwa kutoka pwani yetu walipitishwa Muscat na kuuzwa Sindh. Vizazi vyao huitwa Masheedi, na Badin ni moja ya makao yao makubwa. Shujaa wao, Hosh Muhammad Sheedi, aliuawa akipigana na jeshi la jenerali Mwingereza Charles Napier karibu na Hyderabad tarehe 24 Machi 1843. Usemi unaonasibishwa kwake kila Msindhi anaujua: tutakufa, lakini Sindh hatuitoi. Ngoma yao kubwa ya kupigwa, yenye miguu ya kusimamia, huitwa mugarman.

Leo Masheedi wa Badin huongea Kisindhi kama majirani zao. Hata hivyo sema baba, kisha sema mbuzi, taratibu. B ya baba huvuta pumzi ndani kidogo. Ya mbuzi haivuti. Kisindhi nacho kina b hiyo ya kuvuta, pamoja na d, j na g za namna hiyo, na kimezipa kila moja herufi yake katika alfabeti ya herufi 52 iliyosanifiwa 1853. Neno goth huanza na g ya kuvuta. Sidai kwamba Masheedi ndio walioileta, maana Kisindhi kina historia yake, ila Mswahili akijifunza neno hilo hana kazi ya kuuzoeza ulimi.

Huko Tando Bago aliishi mwalimu na mwandishi Muhammad Siddique Musafir (1879–1961), mtoto wa mtu aliyetekwa udogoni na kuuzwa utumwani. Alisomesha watoto wa Kisheedi na kuandika kwa Kisindhi habari za utumwa alizosimuliwa na wazee waliouonja wenyewe. Mwaka 2018 Tanzeela Qambrani wa Badin akawa mwanamke wa kwanza wa Kisheedi kuingia bunge la jimbo la Sindh. Mababu zake, asema, walitoka Tanzania. Jina Qambrani limetokana na Qambar, mtumwa aliyeachwa huru na Ali bin Abi Talib, na Masheedi wengi wa Sindh wamelichagua liwe ndilo jina la ukoo wao.