Kituo cha wageni kwenye nchi ya lava: dhana potofu na ukweli wake

Volkano nyingi duniani zina vituo vya kupokea wageni, na kila mchoro mpya unapotolewa hadharani maneno ni yale yale: jengo "litaoana na mazingira". Mara nyingi maana yake ni kwamba kuta zitakuwa nyeusi. Ardhi ya volkano inadai zaidi ya hapo, na yafuatayo ndiyo mambo yanayokosewa sana.

Dhana: Ukijenga kwa mawe ya lava, jengo limeshaoana na mahali.

Ukuta unaweza kuvikwa mawe meusi kuanzia msingi hadi paa na bado ukaonekana kutoka mbali, kwa sababu kinacholitangaza jengo ni kimo chake na umbo lake linapokata mstari wa anga. Halafu, hayo mawe yametoka wapi? Yakichimbwa ubavuni mwa kilima kile kile ambacho wageni wanaletwa kukitazama, basi jengo limekula mandhari yake lenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Capelinhos, kwenye kisiwa cha Faial katika visiwa vya Azores, Ureno. Mnamo Septemba 1957 volkano ililipuka baharini karibu na pwani, ikaendelea hadi Oktoba 1958. Majivu yalifukia mashamba, yakaporomosha mapaa, na yakaizika sehemu ya chini ya mnara wa taa uliokuwa ukiongoza meli. Watu wengi walipoteza riziki. Marekani ilipitisha sheria maalumu mwaka 1958 ya kuwapokea, mmoja wa walioisukuma akiwa Seneta John F. Kennedy, na maelfu wakahamia huko.

Kituo cha wageni kilifunguliwa hapo mwaka 2008, kazi ya msanifu Nuno Ribeiro Lopes. Kimejengwa kwa zege, na kimewekwa chini ya ardhi, miguuni mwa ule mnara. Ukifika unaona majivu, mnara uliobaki gofu, na bahari. Unashuka, ndipo unapokuta ukumbi wa mviringo wenye nguzo moja nene katikati, inayotanuka kwenda juu mpaka inakuwa dari. Msanifu angeweza kusimamisha jengo la kupigiwa picha. Aliamua kitu pekee cha kusimama pale kiwe mnara, kwa kuwa ndio unaobeba kumbukumbu ya waliohama. Zege lile linaoana na mahali kuliko kuta nyingi za mawe ya lava nilizowahi kuziona zikisifiwa.

Dhana: Basi kuoana ni kujificha.

Hapana. Kwenye kisiwa cha Lanzarote, Visiwa vya Kanari, milipuko ya kati ya mwaka 1730 na 1736 ilifunika karibu robo ya kisiwa. Juu ya kilima cha Islote de Hilario, ndani ya eneo hilo la Timanfaya, kuna mkahawa wa El Diablo uliobuniwa na msanii César Manrique. Ni jengo la duara, la chini, lenye vioo pande zote, na linaonekana wazi. Ardhi iliyo chini yake bado ina moto: ukimwaga maji kwenye bomba lililozamishwa ardhini yanarudi juu kwa kishindo kama mvuke, na vichaka vikavu vikitupwa shimoni vinawaka vyenyewe. Nyama huchomwa juu ya kisima cha mawe kinachopandisha joto hilo, bila kuni wala mkaa. Mgeni haambiwi kwa bango kwamba volkano i hai. Analipata joto lenyewe usoni.

Manrique alipigana pia na mabango ya matangazo barabarani na majengo marefu kisiwani kwake, na kwa sehemu kubwa alishinda. Naona hilo lilikuwa sehemu ya usanifu wake. Mkahawa mzuri uliozungukwa na mabango usingekuwa na maana.

Dhana: Barabara na maegesho ni kazi ya mkandarasi, hayahusu usanifu.

Ndiyo yanayoharibu zaidi. Magari hamsini yanayometa juani yanaonekana kabla ya jengo lolote. Timanfaya walilifikiria hilo: wageni wanapakiwa kwenye mabasi na kupitishwa kwenye kibarabara chembamba cha lami kinachofuata mikunjo ya lava, na hawaachwi watembee ovyo. Sababu ni ya msingi. Mvua ni haba, na likeni, ule utando wa kijivu unaokuwa wa kwanza kuota juu ya mwamba mpya, hukua polepole mno. Unyayo mmoja hubaki miaka mingi.

Dhana: Chini ya ardhi ni baridi na salama.

Baridi, sawa. Salama, inategemea. Watu wa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, wanaijua mazuku: hewa ya ukaa inayovuja ardhini, haina harufu wala rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Mbuzi na watu wamekufa humo. Jengo la kuzikwa kwenye ardhi ya namna hiyo ni bonde la kutengeneza kwa mikono. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Hewa inatakiwa ivutwe kutoka sakafuni, na vipimo vya gesi vikae chini, anakopumua mtoto. Huko huko Azores, kwenye pango la Furna do Enxofre katika kisiwa cha Graciosa, gesi hupimwa, na ikizidi wageni hawaruhusiwi kushuka.

Dhana: Lava hunyonya maji, kwa hiyo choo si tatizo.

Hunyonya kweli, na hilo ndilo tatizo. Mvua inayonyesha Milima ya Chyulu, Kenya, haifanyi mito. Inazama kwenye mwamba wa volkano wenye matundu na nyufa, inasafiri chini kwa chini, kisha inabubujika kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi kiasi kwamba unawaona viboko na samaki wakipita chini ya maji. Sehemu ya maji hayo inakwenda Mombasa kwa bomba. Kwa hiyo shimo la choo likichimbwa kwenye lava ya juu, uchafu unaweza kupita kwenye zile nyufa kabla udongo haujapata nafasi ya kuuchuja, maana udongo wenyewe karibu haupo. Kituo chochote cha wageni kwenye ardhi kama ile kinahitaji tangi lililofungwa kabisa na gari la kulinyonya, au choo kikavu cha kugeuza taka kuwa mboji. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti kabla ya rangi ya kuta kujadiliwa.